Presha ya Kushuka

Mhina aliingia saa nne na nusu, lori tupu,
chungwa moja la Muheza likibingirika nyuma.
"Taa," akasema. "Taa ya oili. Imewaka Pongwe,
nikasimama, ikazimika. Ikawaka tena Majani Mapana.
Hapa Ngamiani imegoma kulala."

Sijafuta mikono, hukumu zimeshatolewa.
Wa rimu: pampu.
Wa betri: pampu.
Muuza kahawa, asiyemiliki hata baiskeli,
akagonganisha vikombe vyake: pampu hiyo.

Pampu mpya laki mbili na themanini.
Nikasema ngojeni, presha haipigiwi kura.
Mama yangu ana ya kupanda. Kila mwezi, Bombo,
wanamfunga kitambaa mkononi, wanajaza upepo, wanasoma.
Hajatokea daktari wa kumtazama uso akaandika dawa.
Hii ni ya kushuka. Nayo ina mkono wake.

Nikaanza na stiki. Nikaifuta, nikaichovya, nikaichomoa:
oili ipo, katikati ya alama.
Nikaisugua kwa vidole viwili, nikanusa.
Haina dizeli. Haina ule weupe wa maji,
kama uji uliotiwa tui.
Nyeusi, sawa, lakini lori gani lina oili ya harusi?

Kisha swichi, kidude cha elfu kumi na mbili
ambacho mara nyingi ndicho kinachosema uongo.
Nikaing'oa, mahali pake nikafunga geji yangu ya mshale,
kioo kina ufa, niliyoachiwa
karakana ya mkonge ilipofungwa.

"Washa."
Tatu na nusu.
"Si nzima hiyo!" wa betri akacheka.
Tukaiacha ingurume. Semndili, mwanafunzi wangu,
akalimenya lile chungwa bila kuombwa.
Dakika ya kumi, mbili. Ya kumi na nne, moja.
Kisha nusu, mshale unatetemeka
kama mtu anayetafuta neno.
Nikatega bisibisi kwenye bloku, mpini sikioni:
krenki bado inazungumza kwa adabu.
Nikakanyaga mafuta. Mshale, badala ya kupanda,
ukazidi kuinama.

"Zima."
Dakika tano. Injini ingali ya moto, haishikiki.
"Washa."
Tatu.
Na polepole, mbele ya macho yetu, ikaanza tena safari ya chini.

Hapo wa betri akanyamaza.
Beringi iliyolika haiponi kwa kupumzika dakika tano.
Pampu iliyokufa haifufuki.
Kuna kitu humo ndani kinanyonywa, kinaziba mdomo,
kikiachwa kinadondoka, kinasubiri.

Tukamwaga oili, tukashusha sampu.
Nikaingiza mkono hadi kwenye chujio,
nikatoka na vinyuzi laini, vyekundu,
kama minyoo iliyopikwa.
Silikoni.

Mtaa mzima, silikoni nyekundu natumia mimi peke yangu.
Februari. Gasketi ilikosekana dukani,
adhana ya magharibi ilishatoka,
Mhina ana mzigo wa asubuhi,
nami nikaipaka nene, kama siagi ya mtoto mpendwa.

Semndili aliona. Akatazama maganda ya chungwa lake.
Mhina alikuwa na kikombe cha kahawa, kanipa mgongo.
Ngumi yangu ilikuwa imefumba.
Mashahidi watatu walishaapa kuwa ni pampu,
na laki mbili na themanini
ni dawa za mama za miezi mingapi?

Ilifumba muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika.

"Mhina," nikamwita, nikaifumbua. "Hii ni mimi."

Alivitazama vile vinyuzi, akavigusa kwa kucha.
"Bei gani?"
"Nunua oili. Ufundi ulinilipa Februari."

Nikakata gasketi ya koki kwa mkasi wa mke wangu,
nikafunga kavu, boliti kwa boliti, bila haraka.
Saa kumi: tatu na nusu. Saa kumi na moja kasoro,
injini inachemka kama chungu cha futari:
tatu, haijipindi.

Muuza kahawa akapita akirudi kwake,
akainama, akaisoma geji kwa muda.
"Lakini ile pampu," akasema, "mngeiangalia tu."